Dole la Gharib

Mwanakheir, mke mwenzangu, mimi sikumpenda. Nalitaja mwanzo hilo, ili baadaye mtu asije akanipamba kwa wema nisiokuwa nao. Mwanamke akikwambia anampenda mke mwenzake, mtazame vizuri, utakuta mume keshamchoka. Gharib, mume wetu, mimi nilikuwa sijamchoka. Nilikuwa nampenda, na yeye akaniletea mtoto wa Kitumbatu wa miaka ishirini akamweka chumba cha pili, ukuta mmoja, hata akipiga chafya nnasikia.

Tulikuwa tukikaa Kiponda, mjini Unguja, juu, katika nyumba kubwa ambayo wenyewe walihama, sisi tukapewa vyumba viwili baada ya Mapinduzi. Katikati ukumbi, jiko la pamoja liko darini. Gharib alikuwa fundi wa kupasua mbao huko msitu wa Jozani. Jumamosi anakwenda, Alkhamisi anarudi. Siku zake za mjini ndizo zilizokuwa zamu zetu, wiki hii kwangu, wiki ijayo kwake. Ikiwa zamu ya kwake nilikuwa nikipanda darini nikatwanga chochote, hata chumvi, ili nisisikie wanavyocheka. Mwaka aliomuoa alimchongea mbuzi ya kukunia nazi kwa mti wa Jozani, akaipiga msasa mpaka ukiikalia unateleza. Yangu mimi ni ya sokoni, mguu mmoja mfupi, nimeutilia kigae miaka tisa, na fundi mwenyewe anaupita kila wiki hauoni.

Mtasema alioa kwa sababu sikuzaa. Na yeye ndivyo alivyosema. Mwaka wa sitini na nne nilipata uvimbe wa tumbo nikalazwa hospitali ndogo ya Kwa Usi, njia ya Mbweni, ambayo sasa imeshafungwa. Nikapasuliwa. Nilipozinduka nikaambiwa uvimbe umetoka, nikashukuru Mungu. Lakini siku zangu za mwezi hazikurudi tena. Nikamuuliza Gharib, akasema daktari kamwambia damu imefunga, itafunguka kwa rehema za Mola. Nikaamini. Nisipomwamini mume wangu nimwamini nani?

Tangu hapo, kila Ijumaa akitoka msikitini alikuwa akiniletea kombe. Maalim Shaame anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anazikosha kwa maji, maji yanatiwa bakulini, na Gharib anayabeba kutoka Malindi mpaka nyumbani bila ya kumwaga. Ananishikia bakuli kwa mikono miwili, mimi napiga bismillahi nakunywa, na ndani ya moyo wangu naomba mtoto. Miaka saba. Hata zamu ikiwa ya Mwanakheir, Ijumaa atavuka ukumbi aje kwangu na bakuli lake. Hilo ndilo pekee nililokuwa nikimshinda nalo mwenzangu. Mbuzi ya Jozani yake, kicheko chake, kombe langu.

Tena nilipata kudhani kwamba Mwanakheir ndiye aliyenifunga damu. Na Mwanakheir alikuja miaka minne baada ya damu kufunga. Niacheni, mtu mwenye wivu hana hesabu.

Sasa ikawa mwaka wa sabini na moja. Mwanakheir alikuwa ameshaharibu mimba mbili, na mara hii akaanza kuvuja damu bila ya mimba, na haikomi. Akawa mweupe midomo. Mama yake yuko Tumbatu, Gharib yuko Jozani, na kwetu mwanamke hapelekwi hospitali ila na mwanamke wa nyumbani kwake. Mwanamke wa nyumbani ni mimi. Nikajifunga buibui nikamshika mkono, tukashuka ngazi taratibu, tukapita mbele ya watu waliopanga foleni ya mchele, nikawasikia wakisema, Bi Kazija ana moyo. Sina. Nilikuwa na aibu ya majirani tu.

Hospitali tukamkuta daktari wa Kichina na mkalimani wake. Alimpima, akasema ni uvimbe wa kizazi, atapasuliwa Jumatano. Halafu akatuachia nesi atueleze. Nesi mwenyewe alikuwa Kidawa, mtoto wa Kikwajuni, mdogo, kidomo chepesi. Akavuta kiti karibu na kitanda, akatia mkono kwenye kikapu changu, akatoa chungwa nililonunua mimi.

"Bi Mwanakheir, tazama hapa. Hili chungwa ndilo kizazi chako." Akachukua humo humo kikapuni donge la ukwaju akalibandika ubavuni mwa chungwa. "Na huu ndio uvimbe. Daktari anaweza kutoa vyote viwili. Damu itakoma moja kwa moja, lakini na kuzaa ndiyo basi. Au anaweza kutoa donge peke yake, akalishona chungwa akaliacha pale pale. Hapo unaweza kuvuja damu nyingi mezani, na uvimbe unaweza kuota tena. Lakini kizazi unabaki nacho. Tumbo lako, na hatari yako. Wataka lipi?"

Mwanakheir akanitazama mimi. Hakuzoea kuulizwa jambo, na mimi vile vile sikuzoea kumwona anaulizwa. Nikajitia kutazama dirishani.

"Nikivuja, mnayo damu ya kuniongeza?" akauliza.

"Ipo kidogo. Na nyingine tutatafuta."

"Na uvimbe ukirudi?"

"Utakuja tena, tutazungumza tena."

Akalishika lile chungwa, akaligeuza. Kisha akasema, "Basi niachieni kizazi changu."

Roho ikaniuma, tena ikaniuma pahali nisipopajua. Nikajiambia ni kwa sababu huyu atazaa, na akizaa mimi n'shakwisha katika nyumba ile. Nikaona ndiyo sababu, nikaishika.

Sasa wadi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mwanamke hapasuliwi mpaka mume atie dole kwenye karatasi. Kidawa akaniletea karatasi na kibati cha wino. Karatasi ina mistari miwili, wa juu umeandikwa kutolewa uvimbe, wa chini umeandikwa kutolewa kizazi. "Mzee atie dole hapa juu, Bi Kazija," akanionyesha kwa kidole. "Nawe unajua kusoma, sina wasiwasi." Kweli najua, nimesoma kisomo cha watu wazima miaka miwili. Gharib msahafu anausoma vizuri, lakini hizi herufi za kizungu kwake ni sisimizi wanaopita. Kwa hiyo pale wadini, nikikunja ile karatasi, nilijua kwamba kizazi cha Mwanakheir nimekitia kwapani mimi. Na sikuona uzito. Niliona raha.

Jumatatu nikapanda gari la shamba mpaka Jozani. Gharib akatoka kwenye shimo la msumeno, unga wa mbao mpaka kwenye kope. Aliponiona hakuniuliza habari za njia wala za jua. Aliuliza, "Mwanakheir vipi?"

Nikaitoa karatasi. Nikamwambia, "Daktari kasema kizazi kitoke."

Akakaa juu ya gogo. "Chote?"

"Chote."

"Lakini ataishi?"

"Ataishi."

Gharib aliyeniolea mke ili apate mtoto, mnajua alisemaje? Alisema, "Bora nikose watoto kuliko nimkose Mwanakheir. Lete wino."

Maneno hayo nimeyangoja miaka kumi na tano, na siku yaliyokuja kusemwa yakasemwa kwa mwengine, nami nimekaa mbele yake na vumbi la njia limenijaa miguuni. Nikafungua kibati. Nikalishika dole lake mwenyewe, nikalichovya, nikalipeleka mstari wa chini nikalibonyeza. Lilitoka zuri, mistari yote inaonekana.

Nafikiri aliniona nilivyokunja uso, maana alisema, "Wewe usinune. Na kwako nilisema hivyo hivyo."

"Ulisema nini?"

"Kule Kwa Usi. Nilimwambia daktari, kata unachotaka, mradi nirejeshewe mke wangu. Nikatia dole."

Nikafurahi. Nyinyi mcheke, lakini nilifurahi kama mwari. Nikakunja karatasi nikaitia kifuani, na nilipokuwa naondoka akaniita tena. "Kazija. Mwanakheir mwambieni uvimbe umetoka, basi. Mengine asijue. Mwanamke akijua hayo, raha inamtoka." Akasema hayo huku anafuta dole kwa jani, hanitazami. "Na Ijumaa nitakuletea kombe lako."

Furaha yangu ilifika mpaka barabarani. Nilipokuwa nasubiri gari, yale maneno yakaanza kurudi moja moja. Kata unachotaka. Uvimbe umetoka, basi. Mengine asijue. Nikajishika tumbo pale penye mshono, juu ya buibui, barabarani mchana kweupe. Gari likaja, kondakta akaniambia, "Panda, Bi mkubwa," na mimi nimesimama tu. Likaondoka. Nikapanda la pili.

Jumanne asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa wadi. Nikamvuta Kidawa pembeni, kwenye ndoo za kufulia. "Mwanangu, nikuulize. Mwanamke akitolewa kizazi, siku zake zinarudi?"

"Hazirudi, Bi Kazija. Zitatoka wapi?"

"Na kombe? Na dawa za majani? Akinywa miaka saba?"

Kidawa akaweka chini ndoo aliyoibeba. Akanitazama usoni, kisha akanitazama tumbo. "Nani alikwambia zitarudi?" akauliza kwa sauti ndogo. Akaniingiza nyuma ya pazia, akautazama mshono wangu, akanibonyeza, akanifunika kanga yangu vizuri. "Pole, mama yangu," akasema. Mimi si mama wa mtu, lakini nilimwacha aseme.

Sikulia. Nilipata hasira mpaka meno yakaniuma. Miaka saba mwanamume yule ananishikia bakuli kwa mikono miwili, ananitazama nakunywa aya za Mungu naomba kitu anachojua yeye hakimo. Alijua kila Ijumaa. Alijua siku aliyoniambia, Kazija, wewe hukujaaliwa, niruhusu nioe. Nikamruhusu, nikampikia na biriani ya harusi yake.

Nikaenda kitandani kwa Mwanakheir. Alikuwa amekaa, anamenya lile chungwa, polepole, ganda halikatiki. "Shikamoo, Bi Kazija," akasema. "Umefika Jozani? Kakubali?"

"Marahaba," nikamwambia. Nikakaa.

Karatasi ninayo kifuani. Nilikuwa naweza kuinuka nikampa Kidawa, na mambo yakaisha. Jumatano jioni huyu angezinduka akaambiwa uvimbe umetoka. Angengoja siku zake, zisije. Gharib angemletea na yeye bakuli. Tungekaa Kiponda watu wawili, ukuta mmoja, wote hatuna, na mimi ningekuwa nimepata mwenzangu. Nilitamani hivyo, wallahi nilitamani. Nikamtazama anavyokula chungwa, pande moja baada ya jingine, na ndipo nikajua kinachoniuma siku zote mbili ni nini. Hakikuwa Gharib. Hakikuwa hata watoto atakaowazaa. Huyu aliulizwa. Alivutiwa kiti, akaonyeshwa chungwa, akaambiwa wataka lipi. Mimi hakuna mtu aliyenionyesha hata ganda. Wivu ulionipanda hapo sijapata kuuona, wala siku ya harusi yao.

Nikaitoa karatasi nikamwekea mapajani. "Gharib katia dole," nikamwambia. "Katia mstari wa chini. Wa chini ndio wa kutoa kizazi chote. Hakujua kama una njia nyingine, kwa sababu sikumwambia. Na dole nililishika mimi."

Akaacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi."

"Nimekukosea nini, Bi Kazija?"

"Umekaa katika nyumba yangu. Hilo linatosha, usiniulize mengi." Kisha nikamweleza na yangu, ya Kwa Usi, maneno machache tu. Alisikiliza huku ule ukwaju ameushika mkononi. Alipotaka kunishika mkono nikauvuta.

"Na kwa nini unanambia?" akauliza.

"Kwa sababu wewe uliulizwa ukajibu. Nikinyamaza, jibu lako nitakuwa nimekunyang'anya, kama nilivyonyang'anywa langu. Na usinishukuru. Ukinishukuru, karatasi hii naipeleka kama ilivyo."

Hakunishukuru. Aliichana karatasi vipande vinne, akavitia ndani ya maganda ya chungwa, akamwita Kidawa. Kidawa akaja, akaona maganda, akaona nyuso zetu, akaenda akarudi na karatasi mpya. "Lakini dole la mzee," akasema. "Kupasuliwa ni kesho asubuhi. Gari la Jozani la leo limeshaondoka, hamwendi mkarudi, na huyu hawezi kungoja wiki nyingine, damu inamwishia."

"Kidawa," nikamwambia, "daktari wako akilitazama dole, analijua la nani?"

"Halijui."

"Basi usimchoshe."

Kidawa akatazama mlangoni. Kisha akaweka kibati cha wino juu ya kitanda, akasema anakwenda kuangalia uji. Mwanakheir akachovya dole gumba lake mwenyewe, akaniuliza mstari wa juu ni upi, nikamwonyesha, akalibonyeza. Dole dogo, limeinama upande kidogo. Kidawa aliporudi aliipuliza karatasi ikakauka, akaitia kwenye faili.

Jumatano alivuja, kama alivyoambiwa. Aliongezwa chupa mbili. Mimi nilikaa ukumbini kutwa, na watu waliopita wakadhani namwombea. Nilikuwa namwombea, na nilikuwa na kijicho naye, vyote kwa pamoja, sikujua hata kipi nimalize kwanza. Alipozinduka, nimesimama mlangoni na bakuli la uji, nikamsikia anauliza, "Kipo?" Kidawa akamjibu, "Kipo." Siku yangu mimi sikumuuliza mtu, kwa sababu hata sikujua kama kuna cha kuulizwa.

Gharib alikuja Alkhamisi akakaa nje ya wadi mpaka saa za kutazama wagonjwa. Hakumwambia Mwanakheir habari za kizazi. Alimpa pole kwa uvimbe, akamletea mananasi. Mwanakheir naye akanyamaza, maana nilikwisha kumwambia, la kumwambia Gharib ni langu, na siku yake naichagua mimi. Wiki ile na iliyofuata Gharib alikuwa akenda hospitali tu, kombe hakuleta. Wiki ya tatu Mwanakheir akarudi nyumbani.

Ijumaa yake Gharib akatoka msikitini na bakuli. Nikamsikia ngazini, zile hatua za mtu anayechunga maji. Akaingia chumbani kwangu, amevaa kanzu nyeupe, akanisogezea kwa mikono miwili kama siku zote.

"Piga bismillahi, mke wangu," akasema.

Nikalitazama bakuli. Maji manjano kidogo, yametulia, hakumwaga hata tone. Sikulipiga likamwagika, maneno ya Mungu hayana kosa. Nilimwambia, "Hilo mpelekee Mwanakheir. Kizazi chake kipo."

Hakuelewa. Nikamwona anatafuta, macho yanakwenda kwenye uso wangu, yanashuka tumboni, yanarudi. "Si nilitia dole," akasema.

"Ulitia. Langu ulilitia, na lake ulilitia. Lake yeye amelitia tena mwenyewe."

Maji yakaruka yakamdondokea kanzuni. Miaka saba sijapata kumwona akimwaga kombe. "Kazija, ungelikufa," akasema. "Nilitaka uishi tu."

"Najua. Na ningelikubali, Gharib. Ungeniuliza ningelikubali, ningelia mwezi, nikanyamaza. Hukuniuliza. Umeninywesha." Na hapo nikamfungulia mlango. "Nenda. Yatapoa baraka."

Kanzu ilikuwa imemrowa kifuani kwa maji. Kisha akageuka akavuka ukumbi. Nikasikia mlango wa pili, nikasikia Mwanakheir anapiga bismillahi upande wa pili wa ukuta. Nikahesabu mafunda yake, matatu. Wivu ukanipanda upya kutoka miguuni, nikaketi nao kitandani kwangu mpaka alasiri, na Gharib hakuthubutu kubisha hodi.